Ualimu Usio na Ubao

MALEZI NA MASOMO

Kati ya barua zilizonifikia mwezi huu, iko moja iliyotoka kwa mama wa Lodwar, na nimeona heri tuijadili kwa pamoja kwani jambo lake si lake peke yake. Wazazi wengi wanalo, ila wameliweka moyoni.

Mama huyu anasema binti yake alihitimu shahada ya ualimu miaka mitatu iliyopita. Karo ilitokana na mbuzi waliouzwa mmoja mmoja. Tangu hapo binti amekuwa akituma maombi kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, na kungoja. Sasa amepata kazi ya mkataba wa mwaka mmoja huko Kakuma, katika kituo cha masomo ambapo wakimbizi na wenyeji husomea kozi za vyuo vya mbali. Hatafundisha darasa. Kazi yake ni kuketi na mwanafunzi mmoja au kikundi kidogo, na kuwasaidia pale wanapokwama. Wajomba wamechemka. Wanauliza, mtu atasomaje miaka yote hiyo kisha aende kuwa msaidizi wa mwanafunzi? Hana darasa wala ubao, na hakuna anayemwita mwalimu mkuu wala naibu wake. Mama anauliza: amwachilie binti aende au amzuie angoje TSC?

Mama yangu, nitakujibu, lakini kwanza turuhusu tuielewe kazi yenyewe. Wengi wanaoidharau hawajapata kuiona ikifanywa.

SI TUISHENI

Tukisikia mtu anamfundisha mwanafunzi nje ya darasa, sisi Wakenya mara moja tunafikiria tuisheni, yaani masomo yale ya likizo ambayo wazazi waliyalipia hadi mifuko ikatoboka, na ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliyapiga marufuku. Huko mwalimu yule yule aliyefundisha asubuhi alirudia somo lile lile jioni, akalipwa mara ya pili.

Mkufunzi wa kituo cha masomo ni mtu tofauti. Yeye hatungi mtihani wala hatoi alama, na hana uwezo wa kumfukuza mtu. Mwanafunzi huja kwake kwa hiari, amebeba kazi aliyopewa na mhadhiri, na kusema, “Hapa sielewi.” Kwa kuwa mkufunzi hashiki kalamu nyekundu, mwanafunzi hana sababu ya kumwogopa. Atamwambia yale ambayo hawezi kumwambia mhadhiri: kwamba hajui asilimia ni nini, au kwamba amesoma ukurasa mmoja mara nne na haujaingia.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, tangu zamani mwanafunzi aliyetangulia humsikiliza mdogo wake akisoma kabla ya kumfikia mwalimu. Huko Uingereza mwaka 1798 Joseph Lancaster alifungua shule London ambamo watoto waliojua waliwafundisha wasiojua, kwani walimu hawakutosha. Na katika Chuo Kikuu cha Missouri mjini Kansas City, Marekani, mwaka 1973 Deanna Martin alianzisha mpango ambao umeenea katika nchi nyingi. Aliona kwamba ukiita msaada huo “masomo ya walioshindwa,” hakuna atakayekuja, maana nani anataka kuonekana ameshindwa? Badala ya kuwatafuta wanafunzi dhaifu, alitafuta masomo magumu, na kila aliyesoma somo hilo akakaribishwa. Aibu ikaondoka, watu wakaja.

Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa na mkufunzi wake mwenyewe aliwapita asilimia 98 ya wale waliosomea katika darasa la kawaida. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba faida si kubwa kiasi hicho kila mahali, lakini ipo. Kwa hiyo wajomba wasidhani binti ameitwa kufanya mchezo.

KAKUMA NA LODWAR

Kwa msomaji asiyeijua Turkana, Lodwar ndio mji mkuu wa kaunti, kando ya mto Turkwel. Wazee wanaukumbuka kuwa ndiko Jomo Kenyatta alikowekwa na wakoloni kuanzia mwaka 1959 baada ya kutolewa Lokitaung. Enzi hizo serikali iliuona kuwa mahali pa kumtupa mtu asisikike tena. Leo mji huo una Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Kakamega, na pia tawi la Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC. Mtoto wa mfugaji anaweza kusomea karibu na kwao.

Ukifuata barabara ya kaskazini kama kilomita 120 unafika Kakuma. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipowasili maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametimuliwa Ethiopia mwaka 1991 na kutembea nyikani. Wengi wao hawakuwa na wazazi. Baadaye walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waganda. Makao ya Kalobeyei, ambayo yalikusudiwa wakimbizi na wenyeji waishi na kupata huduma pamoja, yalianza miaka ya 2015 na 2016. Mahali hapa pana watu zaidi ya 200,000, na wapo waliozaliwa hapo ambao sasa wana watoto wao.

Kwa muda mrefu masomo yaliishia sekondari. Kijana alipata alama nzuri katika KCSE kisha akaketi. Waliobahatika walichukuliwa na mpango wa Wakanada wa WUSC, ambao umekuwa ukiwapeleka wakimbizi vyuo vikuu vya Canada tangu mwaka 1978, au wakapata ufadhili wa DAFI unaotolewa na Ujerumani kupitia UNHCR tangu mwaka 1992. Lakini nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi.

Ndipo likaja wazo la kuwapelekea chuo pale walipo. Mwaka 2010 Wajesuti walianza kutoa masomo ya chuo Kakuma kwa njia ya mtandao, na diploma zikatolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Mpango huo siku hizi unaitwa Jesuit Worldwide Learning, na hupokea wenyeji wa Turkana pamoja na wakimbizi. Chuo Kikuu cha Geneva nacho kimefanya kazi hapo kupitia mpango wake wa InZone. Mhadhiri yuko Ulaya au Marekani, mwanafunzi yuko Kakuma. Katikati yao panahitajika mtu wa kuketi na mwanafunzi. Huyo ndiye mkufunzi, na ndiyo kazi aliyoitiwa binti yako, mama.

KAZI YENYEWE

Hebu tufikirie mambo anayokutana nayo mkufunzi kama huyu.

Anakuja mwanafunzi na hesabu. Bei ya mfuko wa unga imepanda kutoka shilingi 160 hadi 200, imepanda kwa asilimia ngapi? Amepata 25, na amepata sawa. Swali la pili linasema bei imerudi 160, imeshuka kwa asilimia ngapi? Ameandika 25 tena, na amekosa. Mkufunzi asiyejua kazi atachukua kalamu, aandike 20, na kumwambia, “Umeona?” Mwanafunzi ataitikia ameona, wala hajaona kitu. Mkufunzi anayeijua kazi ataiacha kalamu mkononi mwa mwanafunzi na kuuliza swali moja tu: “Asilimia ya nini?” Kisha atanyamaza. Mwanafunzi ataanza kuwaza. Mara ya kwanza shilingi 40 zilipimwa juu ya 160, mara ya pili zinapimwa juu ya 200. Akilitambua hilo mwenyewe halitamtoka, na siku mfanyabiashara atakapomwambia bei imepanda na kushuka kwa kiasi kile kile, atajua pa kumshikia.

Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote. Sisi walimu tumezoea kusema. Lakini dakika moja ya kimya ambapo mwanafunzi anakunja uso na kufikiri ina faida kuliko maelezo ya nusu saa.

Anakuja mwingine na insha ya Kiingereza. Huyu Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne. Nyumbani ni Kidinka au Kisomali au Kiturkana, sokoni ni Kiswahili, na Wakongo wamesomea Kifaransa. Insha ina makosa ya sarufi arobaini. Mkufunzi akiyasahihisha yote, mwanafunzi atarudi na karatasi safi na kichwa kile kile. Afadhali amwambie asome insha yake kwa sauti. Masikio hukamata mengi ambayo macho yameyapita. Kisha waanze na hoja kabla ya sarufi: anataka kusema nini? Aghalabu hoja imejificha ukurasa wa tatu, kwani kwetu mtu mwenye heshima huanza mbali, akasalimu, akazunguka, ndipo akafika penye neno. Wahadhiri wa ng’ambo wanalitaka neno mlangoni. Mkufunzi anaweza kuuliza, “Ungekuwa unamweleza ndugu yako kwa simu, na salio limebaki la dakika moja, ungesema nini?” Jibu litakalotoka hapo ndilo aya ya kwanza. Katika makosa yale arobaini, wachague mawili au matatu yanayojirudia wayashughulikie leo. Mengine yana siku yake.

Wa tatu hana shida ya somo. Ameketi mbele ya kompyuta na hasomi. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa Kakuma kwa uhaba wa fedha, na mtu mwenye njaa hawezi kushika hesabu. Mkufunzi hawezi kumlisha kila mtu, wala hakuajiriwa kwa hilo. Lakini akimjua mwanafunzi wake atatambua kwamba huyu si mvivu, atamwonyesha afisa anayehusika, na atamsaidia kumwandikia mhadhiri aliye mbali ambaye anaona tu kwamba kazi imechelewa. Mwanafunzi asiyejua namna ya kuomba kuongezewa muda huacha masomo kimyakimya. Barua ya mistari mitano inaweza kuokoa mwaka mzima.

MITEGO YA KAZI HII

Sitaki kumpaka mama mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazi ina mitego.

Mtego wa kwanza ni kumfanyia mwanafunzi kazi. Huruma huanza kwa sentensi moja na kuishia kwa insha nzima. Siku hizi ziko pia programu za akili bandia, kama ChatGPT, ambazo huandika insha kwa dakika moja. Mwanafunzi akimletea insha ambayo hawezi kueleza maneno yake, mkufunzi aifunge taratibu na kumwambia, “Nieleze kwa Kiswahili, tuandike upya.” Karatasi ya diploma iliyopatikana kwa mkono wa mwingine itamuumbua mwenyewe siku ya kwanza kazini.

Mtego wa pili ni pesa na zawadi. Pale ambapo wengi wanatafuta nafasi chache, kutakuwa na watakaoamini kwamba mkufunzi anaweza kuwapitisha. Hana uwezo huo, na aseme hivyo wazi mapema, wala asipokee kitu, hata kama ni kuku.

Mtego wa tatu ni upendeleo. Katika kituo hicho binti yako atakuwa mwenyeji. Kati ya wenyeji na wakimbizi kumekuwa na manung’uniko ya miaka mingi juu ya kuni, maji, malisho na misaada. Mturkana huuliza mbona mgeni anasomeshwa na mwanawe anachunga. Mkimbizi huuliza mbona akifanya kazi kambini hulipwa posho ndogo tu ilhali Mkenya anayefanya kazi ya namna hiyo hulipwa mshahara. Wote wawili wana hoja. Mkufunzi hawezi kuyamaliza hayo mezani pake, ila anaweza kuhakikisha kwamba aliyefika kwanza anahudumiwa kwanza, awe nani. Na akipata nafasi ya kuwaweka kijana wa Kiturkana na wa Kisudani katika hesabu moja, asiiache impite. Watu waliosaidiana kutafuta jibu hawatazamani tena kama wageni.

Mtego wa nne ni kuvunjika moyo. Wanafunzi huacha, wengine huhamishwa nchi ya tatu katikati ya muhula, mtandao hukatika siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi, laga ya Tarach hufurika na njia ikafungwa. Mkufunzi apime mafanikio yake kwa mambo madogo: yule aliyekuwa akiuliza “Jibu ni lipi?” sasa anauliza “Nianzie wapi?”

NENO KWA WASICHANA

Kuna faida moja ambayo wajomba hawajaiona. Kakuma na hata Lodwar, wasichana wanaofika masomo ya juu ni wachache kuliko wavulana. Wengine huolewa mapema, wengine hubaki na kazi za nyumbani, na wako ambao wazazi hawapendi waketi na mkufunzi wa kiume mchana kutwa. Akiwapo mkufunzi mwanamke, mtoto wa mfugaji wa kwao aliyesomeshwa kwa mbuzi, mzazi mwenye wasiwasi hukosa kisingizio. Binti yako ataketi kwenye kiti hicho bila kuhubiri, na kuwapo kwake tu kutasema mengi. Fauka ya hayo, ahimize kituo kipange saa za wasichana mchana, kwani kurudi nyumbani gizani kambini si jambo la salama.

JIBU LANGU

Basi, mama yangu, nafikiri unaona ninakoelekea. Mwachilie aende, lakini aende macho wazi.

Kwanza, kwenda Kakuma si kuikataa TSC. Namba yake ya usajili haifutiki kwa kufanya kazi kwingine, na anaweza kuendelea kutuma maombi kila nafasi zinapotangazwa. Tofauti ni kwamba atangoja akiwa na kazi mkononi. Mwalimu aliyekaa nyumbani miaka mitano husahau hata namna ya kupanga somo, ilhali aliyeketi na wanafunzi mmoja mmoja hujua ni wapi hasa watu hukwama. Siku atakaposimama mbele ya darasa la watoto sitini, atawatambua wale wanaoitikia “ndiyo mwalimu” na hawajaelewa.

Pili, asome mkataba kabla ya kutia sahihi. Mshahara ni kiasi gani na hulipwa lini? Je, makato ya NSSF na ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, yanapelekwa? Atalala wapi, na nani analipia? Mkataba ukiisha na wafadhili wakapunguza mikono, atapewa notisi ya muda gani? Miradi ya wafadhili ni kama mvua ya Turkana, huja kwa wingi na kukatika ghafla. Aweke akiba tangu mwezi wa kwanza.

Tatu, aulize kama atapewa mafunzo. Huko Marekani chama kinachosimamia ubora wa kazi hii kinataka mkufunzi wa ngazi ya kwanza apate angalau saa 10 za mafunzo, hata kama yeye ni hodari wa somo. Kulijua somo ni jambo moja, na kumwongoza mtu alijue ni jambo lingine kabisa. Akiambiwa hakuna mafunzo, basi aombe wiki ya kwanza aketi kando ya mkufunzi mzoefu na kutazama.

Na kuhusu wajomba, mama, usigombane nao. Wale ni wazee wako, na mbuzi wengine walitoka zizini mwao. Binti mwenyewe awaendee kwa adabu, awasalimu, na kuwaeleza kwa mfano wanaoujua. Mchungaji mwenye mifugo mia humpa kila mnyama jicho moja kwa siku. Lakini ndama aliyekataa kunyonya, huyo huchukuliwa peke yake, akashikwa kichwa, akaonyeshwa titi, hata akajua mwenyewe. Hakuna mfugaji anayeidharau kazi hiyo, kwani bila hiyo hakuna zizi. Nadhani wataelewa. Na wasipoelewa leo, wataelewa atakapotuma ada ya mdogo wake.

Nawe msomaji uliye chuoni, iwe Lodwar, Kakuma, Eldoret au Dar es Salaam, kama kuna mahali panapotoa msaada wa namna hii, usione haya kwenda. Kuuliza si ujinga. Nenda mapema, usingoje usiku wa kuamkia mtihani. Beba kazi uliyokwisha kuijaribu, hata kama umeikosea, kwani mkufunzi hawezi kukusaidia kwenye karatasi tupu. Na ukishaelewa, mweleze mwenzako. Utagundua kwamba ulilolieleza wewe mwenyewe hulisahau kwa shida.

Jumapili ijayo, majaliwa, nitajibu barua ya baba mmoja ambaye mwanawe wa kidato cha pili amekataa katakata kurudi shuleni. Kama nawe una la kuuliza au la kuongeza juu ya haya ya leo, niandikie kupitia kwa mhariri. Nawatakia wiki njema.